Maneno ya Kwenye Taulo

Kama kuna kitu kilichomchosha kinyozi wiki ile, kikamchosha mpaka mashine ya kunyolea ikawa nzito mkononi, ni usemi mmoja tu: kioo cha jamii. Mtangazaji wa michezo aliusema redioni asubuhi. Dereva wa lori, mteja wa kila Jumatano, aliusema huku amefungwa shuka shingoni. Hata muuza simu wa duka la jirani, ambaye hakuja kunyoa wala nini, alikuja kukaa tu kwenye benchi na kusoma gazeti la bure, naye aliusema. Kufuli ni kioo cha jamii. Na kioo cha jamii hakitoroki kambini siku mbili kabla ya nusu fainali, timu ikachapwa tatu bila, halafu kikajifungia ndani bila hata neno la kuomba radhi.

Kufuli alikuwa golikipa na nahodha wa timu ya taifa. Mashabiki ndio waliompa jina hilo kwa jinsi alivyokuwa akilifunga goli lake lisipitike. Kwa kinyozi alikuwa mwanawe, mtoto wake wa pekee, na picha yake akidaka mpira hewani ilitundikwa juu ya kioo kikubwa, kati ya orodha ya bei na kalenda.

"Mzee, sisi hatumtukani," dereva wa lori alisema. "Tunauliza tu. Aliondoka kwa nini?"

"Timu imeshasema. Sababu binafsi."

"Sababu binafsi!" Muuza simu alikunja gazeti. "Mtu analipwa kwa kodi zetu, ana binafsi gani? Mtoto wangu amebandika picha yake juu ya kitanda. Jana ananiuliza, baba, eti Kufuli ni mlevi? Haya, nimwambie nini?"

"Mwambie alale."

"Unaona! Hata wewe huna jibu."

Kinyozi alikuwa na jibu. Alikuwa nalo kooni, limekaa hapo siku ya kumi na moja sasa, na kila mtu aliyeketi kwenye kiti kile alikuwa kama anamkaba ili alitapike. Aliinamisha kichwa cha dereva mbele, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, akaanza kusafisha kisogo.

Jibu lenyewe lilikuwa hili. Mkamwana wake alikuwa na mimba ya miezi mitano, ikaharibika. Ilikuwa ya tatu. Golikipa alipigiwa simu kambini na mkewe mwenyewe, sauti imekauka, akamwambia kocha ana matatizo ya nyumbani, akapanda gari akaondoka. Siku ile ya nusu fainali, wakati nchi nzima inapiga kelele mbele ya runinga, yeye alikuwa amekaa kwenye benchi la wodi ya wazazi, miongoni mwa wanaume waliokuja na maua na nguo za watoto, ameshika viatu vya mkewe.

Mkamwana aliomba kitu kimoja. Asijue mtu. Wakwe zake wawili wangejua, kwa sababu isingewezekana wasijue, lakini ikomee hapo. Hata mama yake mzazi asiambiwe, maana mama huyo alikuwa na shinikizo la damu, na tangu siku ya harusi alikuwa akiuliza kila anapopiga simu, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, kama bado wanapanga uzazi. Mimba zote tatu alikuwa hajaambiwa.

Golikipa alimweleza baba yake asubuhi mapema, kabla duka halijafunguliwa.

"Baba, hili limekufikia kwa kuwa wewe ni baba. Lisitoke."

"Litoke liende wapi?" Kinyozi alikasirika kweli. "Nina miaka ishirini na minane kwenye kazi hii. Unajua ni watu wangapi wameniambia mambo yao hapo kwenye kiti? Umewahi kusikia hata moja?"

Na ni kweli, mwanawe hakuwahi kusikia hata moja. Hilo lisemwe kwa haki ya kinyozi, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayemtendea haki.

*

Jumamosi mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuja mapema, akangoja dereva mmoja wa teksi amalize kunyolewa, akakaa kitini bila kutaka kunyolewa. Alikuwa mtu mpole, wa kuchagua maneno. Shule ilikuwa imepata magoli mapya ya chuma, na Kufuli alikubali tangu miezi miwili iliyopita kwenda kuyazindua na kugawa zawadi kwa watoto waliofanya vizuri darasani.

"Baba Kufuli, mimi sina tatizo," alisema mwalimu mkuu. "Ni kamati ya wazazi. Wanasema, huyu mtu tumemweka ukutani, kwenye varanda ya darasa la kwanza mpaka la nne, chini tumeandika 'Nidhamu ndiyo ushindi'. Sasa tunasikia hivi, tunasikia vile. Wanaomba maelezo."

"Maelezo kwa nani? Kwa watoto wa darasa la pili?"

"Kwa kamati. Kama kuna sababu ya maana, niambie mimi tu. Sitaitaja. Nitawaambia nimeridhika, yaishe."

Kinyozi alimtazama kwenye kioo. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, hakuna ubishi, na neno moja tu lingetosha. Hospitali. Angesema hospitali, wala asiongeze kitu. Lakini akajua vilevile kwamba neno hilo halikai peke yake, litaulizwa nani, litaulizwa nini, na kamati ile ina wajumbe kumi na wawili na kila mjumbe ana mke au mume.

"Sina la kusema, mwalimu."

"Basi tutaishusha picha kwa muda. Si kwa ubaya. Kwa muda tu."

"Mtashusha na maandishi ya nidhamu, au hayo mtayaacha?"

Mwalimu mkuu alisimama, akapangusa kiti kwa mkono kana kwamba alikuwa amekichafua, akaaga kwa heshima zote. Kinyozi angependa zaidi kama angetukana. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Huyu amekunyang'anya kitu na amekuachia shukrani.

Mtangazaji naye hakuwa na likizo. Redio ilikuwa juu ya rafu ya mafuta ya nywele, na kinyozi hakuweza kuizima kwa sababu wateja wangesema amezima kwa aibu. Mpigaji wa kwanza alisema Kufuli ameuza mechi. Wa pili alisema hakuuza, alilewa, shemeji yake anamjua mtu aliyemwona. Wa tatu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, akasema yeye anawahurumia watoto. Mtangazaji akashukuru, akasema hayo ndiyo maneno, mchezaji nyota hana maisha mawili, akishavaa jezi ya taifa amevaa na macho yetu.

"Macho yenu yatoboke," kinyozi aliiambia redio.

Ni wakati huo alipoingia mteja mgeni, shati la mistari, viatu safi. Alitaka kunyolewa ndevu na kuwekewa taulo.

Hapa inafaa kueleza habari ya taulo, kwa kuwa bila hiyo mtu anaweza kumwona kinyozi mpumbavu, na hakuwa mpumbavu. Duka lile lilijulikana kwa taulo la moto. Ukimaliza kunyolewa ndevu, kinyozi alilaza kiti nyuma, akachovya taulo kwenye beseni la maji ya moto, akalikamua, akakufunika uso wote isipokuwa pua. Ulikaa hivyo dakika tano, huoni mtu wala mtu hakuoni. Na katika dakika hizo watu walisema. Miaka ishirini na minane walikuwa wakisema: mmoja kafukuzwa kazi na mkewe bado anampikia chakula cha kubeba, mwingine ana mtoto nje, mwingine anaogopa majibu ya daktari. Kinyozi aliitikia tu, mm, mm, akinoa wembe. Taulo likitoka, mteja alikuwa mtu mwingine, wakazungumza bei na hali ya hewa. Haikuandikwa popote, lakini kila mteja aliijua sheria hiyo: ya kwenye taulo hubaki kwenye taulo.

Kosa la kinyozi lilikuwa kudhani sheria hiyo inafanya kazi pande zote mbili.

"Pole sana, mzee," mgeni alisema chini ya taulo. Sauti ilitoka nzito, ya mtu anayejisikia usingizi. "Nimesikia hiyo redio. Wanaongea ovyo. Mimi nina binti, na siwezi kuvumilia mtu amseme hivyo hata dakika moja. Wewe unawezaje?"

Siku kumi na nne, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia pole. Kinyozi aliendelea kunoa wembe. Dukani hakukuwa na mtu mwingine, muuza simu alikuwa kwake, na uso uliokuwa mbele yake ulikuwa taulo jeupe linalotoa mvuke.

"Siwezi," alisema kinyozi. "Nani kakwambia naweza?"

Kisha akasema. Alianza na benchi la wodi, viatu vya mkamwana mkononi mwa mwanawe, nesi aliyemtambua na kumwomba wapige picha pamoja, akakubali, akapiga picha, wakati mkewe yuko ndani. Akasema miezi mitano. Akasema ya tatu. Akasema mlevi gani huyo, mwanangu hata soda ikiwa na gesi nyingi haimalizi. Alisema mpaka taulo likapoa kabisa, naye analia bila kutoa sauti, akijifuta machozi kwa kiwiko.

"Mungu awatie nguvu," mgeni alisema taulo lilipoondolewa. Alilipa, akakataa chenji, akamshika kinyozi bega. Kinyozi akajisikia mwepesi. Jioni ile alikula vizuri, mpaka mkewe akamuuliza amekutana na habari gani njema.

*

Jumatatu saa sita na dakika kumi, mkewe aliingia dukani anakimbia, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni, pini zimebana kwenye blauzi. Alikuwa fundi wa sare za shule na hajawahi kuiacha cherehani yake katikati ya mshono tangu aolewe.

"Hiyo ni sauti ya nani?" aliuliza. "Nakuuliza wewe. Hiyo ni sauti ya nani?"

Hakuhitaji kuuliza. Redio ya kinyozi ilikuwa wazi, na sauti ilikuwa ya kinyozi. Ilikuwa inasema miezi mitano. Ilikuwa inasema ya tatu. Nyuma yake ulisikika wembe ukinolewa. Dereva wa lori, ambaye Jumatano yake ilikuwa bado lakini alikuwa amepita kusalimia, alivua kofia.

"Nilimwambia mtu mmoja tu," kinyozi alisema.

"Mtu mmoja! Mtu mmoja mwenye redio!"

"Alikuwa kwenye taulo."

"Na simu yake ilikuwa kwenye taulo? Mikono yake ilikuwa kwenye taulo? Baba wee! Mtu mzima, umefunika mtu shuka mpaka miguuni, hujui chini ya shuka ana nini, unamfungulia mdomo kama bomba!" Mkewe alikaa kwenye benchi, akainuka papo hapo kwa sababu pini ilimchoma. "Mimi nimekaa na jambo hili wiki mbili. Wateja wangu wote ni wanawake. Wote! Unajua wanawake wanavyouliza? Sikusema."

"Walikuwa wanamtukana mtoto."

"Na wewe ukaenda kumvua nguo mke wake ili umfunike yeye."

Dereva wa lori alitazama sakafu, kisha akasema polepole kwamba basi wamekosea sana, kwamba Kufuli ni mwanamume wa kweli, na kwamba yeye binafsi atasimama mbele ya mtu yeyote. Alikuwa na nia njema, na kinyozi alitamani kumtoa nje kwa teke.

*

Sasa huruma ikaanza, na huruma ilikuwa mbaya kuliko matusi.

Kufikia Jumanne mchana chama cha mashabiki kilikuwa kimefika kwenye geti la golikipa na kadi kubwa yenye sahihi mia mbili na bango lililoandikwa TUNALIA NA WEWE MAMA. Mwanamke mmoja alileta dawa za mizizi kwenye chupa. Mkamwana, aliyekuwa anafanya kazi benki kwenye dirisha la kupokelea fedha, alijaribu kurudi kazini, na mteja wa tatu, mtu asiyemjua hata kidogo, alipitisha mkono chini ya kioo akamshika vidole na kumwambia wa nne atakaa. Aliomba ruhusa akarudi nyumbani. Redioni mtangazaji aliomba radhi kwa niaba ya taifa, kisha akafungua simu kwa mada: je, mchezaji nyota asiye na mtoto afanye nini? Mpigaji mmoja alishauri mke wa pili. Mwingine alimtaja daktari. Walipiga simu saa nzima, na kila mmoja alianza kwa kusema anawapenda sana.

Kinyozi na mkewe walifika kwa mtoto wao jioni hiyo, jua bado lipo, wakapenya kati ya watu getini vichwa chini. Sebuleni walimkuta mama yake mkamwana amekaa wima, begi la safari miguuni, hajavua hata koti.

"Karibuni," aliwaambia, kana kwamba nyumba ni yake. "Nimeambiwa na redio kwamba nimepoteza wajukuu watatu. Nilikuwa sokoni. Muuza vitunguu ndiye aliyenishika nisianguke. Nyinyi mlijua lini?"

Mke wa kinyozi alikwenda kukaa karibu naye, akajaribu kumshika mkono, mama yule akauondoa taratibu na kuuweka juu ya begi.

Golikipa alitoka chumbani. Alikuwa mrefu mpaka alizoea kuinama kwenye kila mlango, na leo aliinama lakini hakunyooka tena. Alimwamkia baba yake kama kawaida. Kinyozi alikuwa amepanga maneno njia nzima, akayasema yote kwa mkupuo: kwamba alidanganywa, kwamba atamtafuta yule mtu wa shati la mistari, kwamba kuna sheria, kwamba hakuvumilia kusikia mwanawe akiitwa mlevi.

"Baba," golikipa alisema, "mimi nimetukanwa tangu nina miaka kumi na saba. Nikifungwa goli uwanja mzima unamtaja mama yangu. Nimezoea. Matusi yangu nilikuwa nayaweza."

"Mimi sikuyaweza."

"Najua. Ndiyo maana ukanitetea kwa kitu ambacho si changu. Hiki kilikuwa chake."

Mlango wa chumbani ulifunguka, mkamwana akatoka na gauni pana, kichwa wazi. Alimsalimu mama mkwe, akaja mpaka mbele ya kinyozi, akapiga goti kidogo kama alivyofanya siku zote.

"Shikamoo, baba."

Kinyozi angepigwa kofi angejua la kufanya, lakini shikamoo ile ilimmaliza.

"Nina swali moja tu," mkamwana alisema. "Ulimwambia na jina? Lile tulilokuwa tumempa?"

"La," kinyozi alisema. "La, mwanangu. Hilo sikulisema."

"Una uhakika?"

"Sikulisema."

"Basi hilo limebaki," alisema, akarudi chumbani.

Mama yake alimfuata, begi mkononi. Golikipa alingoja mlango ufungwe ndipo akakaa, magoti yake yakagusa meza.

"Kesho nitakwenda redioni," alisema. "Nitawaambia ulitunga. Hakukuwa na mimba yoyote. Niliondoka kambini kwa sababu nilikuwa nimelewa, nikaogopa vipimo, nikajificha. Wewe ukanionea huruma, ukatunga."

"Umechanganyikiwa?" Kinyozi aliruka. "Chama cha mpira kitakufungia! Utanyang'anywa unahodha! Watoto kule shuleni—"

"Watoto watapata mtu mwingine."

"Na nani atakuamini? Sauti yangu imesikika nchi nzima!"

"Wataamini. Baba, wewe hujawajua watu hawa. Wamefurahia siku moja tu kukiri kuwa wamekosea. Ukiwapa nafasi ya kusema tulijua, wataidaka kwa mikono miwili. Wiki moja watanitukana mimi, na hakuna atakayemkumbuka yeye. Ataenda benki akahesabu hela za watu."

Mke wa kinyozi alikuwa akilia. Hakumwambia mwanawe asifanye. Kinyozi alimtazama akitegemea msaada, akaona hatapata.

"Na mimi?" alisema mwishowe. Aliona aibu kuuliza, lakini aliuliza. "Dukani kwangu? Miaka ishirini na minane, nitaitwa mwongo?"

"Ndiyo, baba," golikipa alisema. Hakusema kwa hasira. "Watakuuliza, na utawajibu kwamba ulitunga. Kila atakayekuuliza. Ukisema hivyo mara moja halafu ukamnong'oneza mmoja pembeni, tumerudi palepale."

*

Golikipa alisema kweli, watu waliidaka nafasi. Jumatano mchana golikipa alizungumza dakika nne redioni bila kutetereka, na mtangazaji, ambaye jana yake aliomba radhi kwa niaba ya taifa, alidai sasa taifa liombwe radhi. Alhamisi chama cha mpira kilimfungia miezi sita na kumvua unahodha. Watu wa getini waliondoka na bango lao, na mmoja wao, kwa uchungu, alirusha jiwe likavunja taa. Wiki iliyofuata mkamwana alikaa kwenye dirisha lake benki kutoka asubuhi mpaka jioni, na mtu pekee aliyemsemesha nje ya kazi alikuwa mzee aliyemwambia pole kwa kuolewa na mlevi. Alimrudishia chenji yake.

Dukani muuza simu aliingia akiwa amenyoosha kidole tangu mlangoni.

"Nilisema! Nilisema au sikusema? Na wewe, mzee mzima, unamzushia mtoto wa watu mimba!"

"Nilikosea."

"Ulidanganya!"

"Nilidanganya," kinyozi alisema.

Dereva wa lori alinyolewa bila kuongea. Alipomaliza alilipa hela kamili, akasema kwamba yeye alivua kofia yake siku ile, alivua kofia mbele ya redio, na kwamba hatasahau. Hakurudi Jumatano iliyofuata. Wengine walikuja kwa ajili ya kuuliza tu, wakamfanya aseme mara mbili, mara tatu, wakamwitia wenzao waje wasikie. Wengi waliacha kutaka taulo. Ilimuuma kinyozi kila mara, haikupungua kwa kuzoea, na jioni alirudi nyumbani akamwambia mkewe ni wangapi leo. Mkewe alimwekea chai mbele yake. Hakumwambia pole, lakini alikaa naye mpaka aimalize.

Mwalimu mkuu alikuja Jumamosi ya pili. Safari hii alitaka kunyolewa. Alingoja mpaka duka likawa na wao wawili, akaongea akitazama mikono yake chini ya shuka.

"Baba Kufuli, mimi nimefundisha miaka thelathini. Nimesikia watoto wakitunga uongo wa kila namna. Uongo huwa hauna vitu vidogo vidogo. Wewe ulisema viatu. Ulisema alikuwa ameshika viatu vya mkewe."

Kinyozi aliendelea kunyoa.

"Sikuulizi kwa ajili ya kamati," mwalimu mkuu alisema. "Kamati imekwishaamua, picha tumeichoma. Nauliza kwa ajili yangu. Kuna watoto mia nne pale wananijia kila siku, wanataka kujua kama mtu waliyempenda alikuwa wa bure. Niambie kama alikuwa kweli wodini. Sitafungua mdomo. Nataka nikiwatazama nijue mwenyewe moyoni ninachokitazama."

Na mtu huyu hakuwa na simu mkononi. Mikono yake miwili ilikuwa imetulia juu ya mapaja, umbo lake linaonekana kwenye shuka, na kinyozi alijua kwa hakika kwamba asingemwambia mtu. Alitaka kusema. Alitaka kiasi kwamba ilibidi azime mashine. Alitaka mtu mmoja tu katika mji huu ajue mwanawe ni mtu wa namna gani, kwamba kama kuna kitu cha kufundishwa watoto ubaoni ni hicho alichokifanya dakika nne redioni. Neno lilikuwa pale pale kooni, mahali pake pa zamani.

"Nilitunga, mwalimu," alisema.

"Na viatu?"

"Na viatu nilitunga."

"Basi sijui niwaambie wamwige nani," mwalimu mkuu alisema.

"Watafutie mwingine," kinyozi alisema, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mwalimu, akakiinamisha mbele polepole, akawasha mashine.